Maswali ya Kitaluni, Kasulu

Wanaanza na bei. Siku zote bei.
Mche wa msindano mia tano,
ukichukua trei zima nakupunguzia.
Kisha hawaondoki. Wanakunja mikono
wakiitazama miche kama wajomba wanaokagua mahari.

Vitabuni ni msonobari. Hapa ni msindano, tumeshazoea.

"Unakunywa maji sana?" Gwimo wa Murufiti.
Ana chemchemi nyuma ya migomba, na hofu.
Kila chenye mizizi kinakunywa, namwambia.
Hata wewe unakunywa, na hakuna aliyekung'oa.
Upande mgongoni kwa mlima, kwenye mawe.
Bondeni waachie magimbi.

"Kwa nini hauangushi majani?"
Unaangusha. Hauna msimu tu.
Sindano moja leo, nyingine kesho, kimya kimya,
kama mtu anayelipa deni asilotaka mkewe alijue.
Baada ya miaka kumi chini yake kuna godoro
la rangi ya kutu. Mbuzi wanalikwepa.

"Na ulimbo wake, unatoka kwa sabuni?"
Hautoki. Kitenge cha mke wa Ruhomvya ni shahidi.
Tangulia na mawese, kidogo, kwa kidole,
sugua taratibu mpaka ulainike,
sabuni ije mwisho.

Halafu wanauona ule mmoja, kwenye kona ya uzio.

"Huu nao?"
Jina sina. Bwana Miti Kagoro aliuacha
kwenye kopo la maziwa, mwaka aliohamishwa.
"Utunze, nitauliza unaitwaje."
Kopo limeshaoza. Mti umepita paa.
Majani yake nyota za ncha tano;
ukiyafikicha, vidole vinanukia ubani hadi jioni.
Matunda yake vitufe vya miiba,
watoto waliuchezea mpira peku siku moja tu.
Na kiangazi, mlima ukiwa vumbi,
unawaka mwekundu peke yake,
na kila apitaye ananipa pole.

Wiki iliyopita alikuja Mama Bihirizo.
Majani yote yalikuwa chini.
Hakuuliza bei. Aliuliza,
"Unajuaje kama umekufa au umepumzika?"

Kwangua gome kwa ukucha, nikasema,
pale kwenye tawi jembamba. Ukikuta kahawia, pole.
Ukikuta kijani, ngoja mvua.

Akakwangua.
Akasogea karibu, akakwangua tena pale pale,
mpaka utomvu ukamnata chini ya ukucha.
Mumewe yuko Maweni, wiki ya tatu sasa,
hafumbui macho.
Kijani, nikamwambia. Unaona? Kijani.
Hakujibu. Alikinusa kidole.

Akachukua misindano miwili, akaweka elfu mbili mezani,
akaondoka bila chenji.
Nilimwita, nikamwambia amwagilie jioni, si mchana.
Nikasahau la muhimu:
asipande karibu na nyumba.