Mshono wa Bega

Ndimyake aliniletea kitambaa usiku wa kuamkia Ijumaa,
mita kumi na tano za kijani, kinavutika kama ahadi za mdaiwa.
Akasema: Fundi, jezi kumi na mbili, tunasafiri Jumanne.
Nikamuuliza ni mpira gani huo wa watu kumi na wawili.
Saba, akasema. Saba uwanjani, watano wanaomba Mungu.

Mimi nashona sare za shule hapa Mchikichini
tangu kodi ya fremu ikiwa elfu nane.
Najua suruali ya mtoto itachanika wapi.
Raga siijui.
Akachukua chaki yangu, akaweka alama juu ya meza ya kukatia:
hapa Dar. Akaifuata meza mpaka ikaisha,
akainama, akaweka nukta kwenye mguu wake, chini kabisa:
hapa Fiji.
Nikasema, mwanangu, huko si mezani tena.
Akacheka. Ndiko tunakokwenda.

Akavaa ile ya kwanza niliyoimaliza,
akaniambia: Nikamate, fundi, hapa begani,
kama mtu uliyemkopesha akakukimbia.
Niliona haya, nikashika kwa vidole viwili.
Kwa mikono!
Nikashika kwa mikono. Mshono ukalia trrrk.
Unaona?
Nikaona.

Uzi wa nailoni, ule wa washona viatu.
Mshono mara tatu, mkanda kwa ndani.
Sindano mbili zikakatika, LUKU ikaisha saa nane usiku,
nikamalizia kwa miguu.
Cherehani ya kukanyaga haidai uniti.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri.
Kwao saa nane mchana, jua limewasimamia utosini.
Mimi niko uani Buguruni, nimejitanda khanga ya mke wangu,
simu imeegemea ndoo, bando la mia tano.
Wakaingia. Kijani changu!
Wengine hutazama miguu. Nilitazama mabega.

Dakika saba, wanapumua, dakika saba.
Dakika saba mimi sijamaliza pindo la suruali.
Wale wasichana wa kisiwani walikuja
kama Msimbazi mwezi wa nne:
huoni maji yameingia saa ngapi,
unaona tu godoro linaelea.
Trai. Mpira wenyewe mrefu kama papai,
ukapita mikono mitano bila kumuaga mtu.
Trai. Trai.

Kisha Ndimyake, namba tisa,
akaupata pembeni, akatoka nao.
Dada mmoja mrefu akamfuata, akanyoosha mkono,
akashika bega,
na simu ikaganda.

Kiduara kinazunguka.
Bega limekamatwa, kitambaa kimevutwa mpaka shingoni,
nami nimesimama uani na khanga, nahesabu kwa sauti:
uzi mara tatu, mkanda, fundo,
uzi mara tatu, mkanda, fundo.
Mke wangu dirishani: Nani kafa?

Picha iliporudi alikuwa amelala kwenye nyasi,
mpira chini ya kifua, ng'ambo ya mstari.
Jezi nzima.

Thelathini na nane kwa tano.
Sokoni wakanipa pole.
Nikawaambia, hizo tano ni za uzi.

Baada ya wiki mbili kaja na jezi nyeupe.
Yako nimebadilishana na yule mrefu, akasema,
hii nipunguzie mabegani, nazama humu.
Nikaigeuza ndani nje.
Mshono mara tatu. Mkanda.
Na kwapani, pale mashine isipofika,
mtu ameshika sindano ya mkono,
amefunga fundo, akalirudia, akalirudia tena,
kama ambaye naye aliwahi kusikia trrrk.

Sijaipunguza. Inaning'inia fremuni, imegeuzwa vilevile.
Ndimyake akipita ananidai.
Namwambia kesho,
naye anajua kesho ya mafundi.