Shela

Usiniulize tena, Tasniem, shela la harusi yangu liko wapi.
Mara tatu nimekujibu liliibwa.
Hii ya nne nitasema kweli. Rudishia mlango.

Ulikuwa mwaka wa hali ya hatari, Salt River,
nyuma ya gereji ya Riedwaan mnyosha mabati.
Kitambaa cha kuchapia kiliuzwa duka moja tu,
na mwenye duka akiandika majina yetu kwa ajili ya polisi.
Nikaenda kabatini.
Tukalitandaza juu ya fremu ya dirisha bovu,
mishono yangu ya miezi miwili, ua kwa ua.
Mwamba ngoma, wasema, huivutia kwake:
sisi tulikuwa wanne, pembe nne,
kila mmoja akavutia kwake,
ndipo likakaza, ukucha ukaliliza.

Picha ilikuwa ya Lwandile, mtoto wa Thozama.
Hakuwa na nyingine ila ile ya kipande.
Serikali yenyewe ilimpiga,
kidevu juu, pumzi kaibana,
ili ijue pa kumzuia.
Juni walimchukua.
Agosti wakasema hawamjui.
Hawamjui! Na picha ni yao.

Tukabishania maneno hadi birika likakauka.
Riedwaan alitaka ngumi. Mzwandile alitaka aya nzima,
yenye tarehe, na koma mahali pake.
Thozama, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu chai,
akasema: Andikeni nilimzaa hapa.
Maana sheria ilidai kwao ni kule,
nchi iliyochorwa kwa rula, usiku kucha kwa basi,
asikokuwa na hata kaburi la kuonyesha.

NILIMZAA HAPA.

Wino ulikuwa haba, tukauzimua kwa mafuta ya taa,
tukaukwangua kwa mpira wa kioo cha gari.
Karatasi mia mbili.
Na katika kila moja, karibu na sikio lake,
maua yangu mawili yalikataa wino, yakabaki meupe.
Baadaye nilisikia maofisa walikesha wakiyafumbua,
ni ishara ya kundi gani.
Ni mshono wa mnyororo, mabwana. Mama alinifundisha.

Usiku tukabandika kwa uji wa ngano,
stesheni, mabenchi yote,
juu ya yale maneno mawili: WAZUNGU TU.
Lakini mvua ya Agosti huijui wewe.
Asubuhi wino ulikuwa bado mbichi.

Nilisimama upande wetu, na Thozama, tukienda kiwandani.
Akaja bwana mmoja, koti la rangi ya maziwa,
akaketi bila kutazama, kama wanavyoketi wenye benchi,
akaegemea, akafungua gazeti.
Treni ikaja. Akainuka.

Na mgongoni mwake, Lwandile.
Amegeuka, maua yamehamia sikio la pili,
maneno yakianzia kulia, kama tusomavyo madrasa.
Wafagiaji waliona. Muuza tiketi aliona.
Hakuna aliyemwambia.
Lwandile akapanda behewa la kwanza,
mlango ukajifunga nyuma yake.
Thozama akapunga mkono, kidogo tu,
kama unavyompungia mtoto siku ya kwanza ya shule
asije akaona haya mbele ya wenzake.

Nililifua lile shela mara saba.
Maua yalitakata.
Uso haukutoka; ulififia tu,
ukawa kama mtu aliye upande wa pili wa pazia
anayengoja kuitwa.

Miaka ikapita, wakaondoka waliokuwa hawamjui,
wakaja waliosema faili limepotea.
Thozama akaomba kitu cha kuzika.

Basi wewe utaolewa na la dukani, mwanangu.
Usilie, wanja utakuchuruzika.
Fungua mlango. Wageni wanapiga hodi.