Safu ya Sita

Nimerudi Langoni na fomu za serikali,
kurasa ishirini na mbili, penseli, ufutio,
kuuliza watu wamezalisha nini.
Kazi yangu ni kujumlisha:
chokaa, kamba, vitanda vya wageni.
Hata punda abebaye mchanga kwa kutwa
ana mstari wake, maana analipiwa.
Mkoko nao una wake, siku ukikatwa.
Ukiwa umesimama, umeshika udongo, haumo.

Bi Mwanatumu amenikaribisha dakani.
Kofia i mapajani, sindano yazunguka tundu,
miezi mitatu sasa, na utosini bado.
"Bei yake?"
"Ya harusi ya Shekuwe. Haiuzwi."
Hiyo si taabu. Vitu vina kanuni,
nitaikisia kwa bei ya duka la jirani.

"Na kazi nyingine?"
Akanyosha kidevu kuelekea ndani,
alikolala mumewe, Famau,
mwaka wa pili huu, upande mmoja umekufa.
Kumwosha. Kumlisha uji kwa kijiko cha mtoto.
Kumgeuza mara nne usiku
ngozi isichubuke.
"Hiyo," akasema, "si kazi. Hiyo ni Famau."

Safu ya sita yakubaliana naye.

Angemwajiri muuguzi kutoka Mokowe
pato la taifa lingepanda, kidogo, ila lingepanda,
kama lilivyopanda mwaka ule wa moto:
mapaa thelathini ya makuti yakawa majivu,
mafundi wakalipwa, misumari ikauzwa,
na mimi ofisini nikachora mstari
uendao juu, nikaupaka kijani.

Haya nimeyafundisha darasani.
Nasema: kipimo si uongo,
ni pishi tu. Pishi hupima mchele,
usiiulize kiu.
Wanafunzi huandika.

Bi Mwanatumu alikuwa ameshaingia.
"Ndoo kuno," akaita. "Nishikie mabega."
Nikaweka fomu chini, kiatu juu yake isipeperuke.
Moja, mbili, tukamgeuza.
Mgongo wake mkavu, safi, bila kidonda,
ukinukia asumini.
Dakika kumi, watu wawili,
mmoja ana shahada ya uzamili,
na hatukuzalisha kitu.

Nikarudi dakani. Swali la kumi na tano:
paa la nyumba hii ni la nini?