Harufu Haina Mabano

Kwenye Hansadi, kelele zina mabano yake.
Makofi yana mabano,
hata kicheko cha upande wa pili kina mabano.
Harufu haina.

Mimi hulipwa kwa masikio.
Hukaa chini ya kiti cha Spika, visikizi kichwani,
na kila lisemwalo Kisumu kuhusu Kisumu
hupita kwenye vidole hivi kabla halijawa rasmi.

Swali namba kumi na saba liliulizwa kwanza Machi.
Rispa Obiero, mwakilishi wa wadi, alisimama
tope la njiani lingali kwenye visigino:
Ni nani mwenye bomba linalomwaga usiku
ndani ya mto Auji, na kaunti imemwambia nini?

Waziri yuko safarini, tukajibiwa.
Nikaandika: safarini.
Aprili, ripoti inaandaliwa.
Nikaandika: inaandaliwa.
Mei, swali lenyewe likakosekana kwenye orodha ya shughuli,
kama mbuzi anavyokosekana zizini
asubuhi ya harusi ya jirani.

Juni akaja na chupa.
Chupa ya soda, ya lita moja, kizibo kimefungwa
kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.
Akaifungua

na hapo mabano yakanishinda.
Waheshimiwa walijiziba pua kwa tai.
"Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!
Kanuni zinaruhusu hati kuwekwa mezani.
Chupa si hati."
Spika akapekua Kanuni za Kudumu kwa mkono mmoja,
mkono wa pili ukishika leso puani,
akaamua: chupa si hati. Itolewe.

"Nimetii," akasema Rispa.
"Na watoto kumi na mmoja wa Nyalenda
waliolazwa kwa kuhara wiki jana,
wao ni hati?"

Wa saba kwenye orodha ile ni wangu.
Hansadi haina nafsi ya kwanza ya mwandishi.
Nikaandika: kumi na mmoja.

Waziri akainuka, akafunga kifungo cha koti.
Bomba litazibwa hivi karibuni.
"Hivi karibuni ni siku gani?"
Muda si mrefu.
"Ni siku gani?"
Mheshimiwa aelewe kwamba kuna taratibu za
"Siku gani?"
Alhamisi.
"Iandikwe," akasema, akanigeukia mimi,
na katika miaka yangu tisa ndani ya ukumbi ule
hakuna aliyewahi kunitazama.

Ukurasa ule ulitolewa nakala Kibuye,
shilingi kumi kumi, mashine ikikohoa.
Kinamama wa mtoni waliukunja ndani ya leso
pamoja na pesa za chama.
Yunia Akeyo, ambaye hakusoma,
alionyeshwa neno lilipo, mstari wa kumi na nne.
Alhamisi alikaa juu ya jiwe kando ya bomba,
kidole juu ya neno, tangu alfajiri.

Gari la kaunti lilifika saa kumi na dakika ishirini.
Walishuka vijana wawili.
Hawakuleta saruji. Walileta kamera.
Wakalipiga picha bomba, wakampiga na Yunia,
wakaondoka kabla mvua haijaanza.

Chupa, wakati huo, ilikuwa kwenye rafu ya karani,
kati ya themosi yake na mihuri.
Wiki tatu. Hakuna aliyethubutu kuimwaga,
maana ingemwagwa wapi?
Tope likashuka pole pole, likalala.

Kamati ilipoketi, waliruhusu iletwe.
Waziri akainyooshea kidole, karibu kwa furaha:
Waheshimiwa, jionee wenyewe. Maji ni maangavu.
Na kweli yalikuwa maangavu.
Kutoka nilipokaa mimi, mtu angeweza kuapa.

Rispa hakusimama. Hakutaja kanuni yoyote.
"Itikise," akamwambia.

Nikaandika herufi saba,
kisha nikaacha vidole hewani,
juu ya vibonye,
nikimsubiri Waziri.