Ishirini na Tisa Anabisha Hodi

Saa nane usiku, Akureyri, chumba cha chini.
Theluji imeziba madirisha ya ngazi.
Humu feni zinavuma kama mzinga ulioguswa:
kishada kimoja, punje sitini na nne,
na punje moja imekataa kuiva.

Ni wewe, Ishirini na Tisa.
Unawaka. Taa ya kijani, kisha ya chungwa.
Unajitaja jina, unaomba anwani, unapewa,
unavuta mfumo kwa waya mpaka tone la mwisho,
halafu unabisha kwa nodi kuu.
Hodi. Kimya.
Hodi. Kimya.
Hodi ya tatu, na kama mtu aliyelelewa vizuri
unageuka, unazima, unaanza safari upya.

Nakubembeleza tangu saa tatu.
Nimebadilisha kebo.
Nimekuhamisha tundu la swichi, la saba hadi la kumi na tisa.
Nimechomoa kumbukumbu zako, nikazipuliza kama anayepoza uji,
nikazirudisha moja moja.
Nimekutukana kidogo.
Eyvör kapiga simu: barabara ya mlimani ifungwe au isifungwe?
Hesabu ya theluji inawangoja wote;
sitini na watatu hawaanzi kula mmoja akiwa mlangoni.
Nusu saa, nikamwambia.
Hiyo ilikuwa saa tano.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Nikakuletea kioo na kibodi, nikaketi sakafuni,
nikasoma ulichokuwa ukinong'ona peke yako.
Mistari ikapita mbio, mweupe, mweupe, mweupe,
kisha mmoja usio na haraka:
cheti hiki hakijaanza kutumika.

Hakijaanza? Nimekitia sahihi mwezi uliopita!
Nikakuuliza saa.
Ukajibu bila kusita:
Januari mosi, elfu mbili na kumi na tatu,
usiku, saa sita na dakika kumi na nne.

Kumbe betri. Kile kisarafu kwenye ubao wako
kimekufa bila kuaga,
na umeme ulipokatika jioni, na kila nilipochomoa waya,
ukarudi siku ya kuzaliwa kwako.
Nani atamfungulia mgeni
anayeshika barua ya mwaka ambao kwake haujafika?

Betri mpya nilikuwa nayo mfukoni.
Lakini ubavuni mwako kuna lebo, ishirini na tisa,
ile tisa yenye mkia uliopinda,
mkono wa Hallvarður.
Kwa saa yako yeye yupo,
anakula samaki mkavu juu ya kifuniko cha seva
na kunikataza mimi nisilete kahawa humu.
Kwa saa yako bado hajapanda Súlur peke yake
ile Jumamosi, theluji ikiwa imelegea.

Dakika mbili, tatu hivi, nikakuacha ulivyo.

Simu ikatetemeka sakafuni.
Wewe hukubali kuandikiwa mwaka, wataka ubonyezwe:
kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.
Mmoja niliupita haraka.
Nikafika leo, nikahifadhi, nikaondoa kidole.

Hodi.
Sikusikia jibu, ila feni zote zilipandisha sauti
na kwenye orodha ukatokea, katikati ya Ishirini na Nane na Thelathini,
kama hukuwahi kwenda popote.

Saa kumi na moja hesabu ikatoka. Fungeni barabara.
Eyvör hakuuliza kilichonichelewesha.
Lebo inaachia gundi upande mmoja.
Kesho nije na selotepu.