Zamu ya Sahani

Sahani ni yake au ni yangu, sijui tena.
Ina ukingo wa buluu na ufa mwembamba kama unywele,
na miaka kumi na moja imekuwa ikipita juu ya ukuta huu,
hapa Limbani, Wete,
ikienda na mkate wa kumimina,
ikirudi na biskuti zao ngumu za tangawizi
ambazo Faki wangu huzichovya chaini mpaka zikubali.
Sahani hairudi tupu. Hilo Bi Gudruni
alilijua kabla hajajua kuhesabu hadi ishirini.

Mumewe, Mzee Anselmi, lugha ilimsumbua zaidi.
Mwezi wa kwanza aliwaambia wanaume barazani,
"Kila asubuhi naoa kwa maji baridi."
Wakampongeza. Wakamuuliza mahari.
Mpaka leo akipita sokoni mtu humpigia ukelele:
"Mzee, leo umeshaoa?"
Naye huvua kofia: "Mara mbili. Kuna joto."

Waliletwa na kanisa. Hilo halikufichwa.
Shemeji yangu Mbwana alinionya:
chunga, maneno matamu yana ndoana.
Nikachunga. Nikachunga hata nikachoka.
Nilichokiona ni mzee kalala chali chini ya cherehani yangu,
bisibisi mdomoni, mafuta mpaka ndevuni,
akiitukana kwa lugha yao,
au akiiombea, sikuweza kutofautisha.

Kila Disemba makao makuu huwaletea karatasi:
Wangapi mwaka huu?
Mzee huandika: karafuu zimezaa vizuri.
Huandika: mvua ilibomoa choo cha skuli, tumekijenga.
Panapotakiwa tarakimu huacha pengo,
na bahasha hufungwa hivyo hivyo.

Ramadhani hawapiki mchana. Hatukuwaambia.
Hula mkate mkavu, madirisha wameyafunga,
kama watoto walioiba sukari.
Magharibi ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kupiga hodi,
na uji wa pilipili manga uliomshinda, umefanya madonge,
nasi tunautafuna.

Mama alipofariki ulikuwa msimu wa kuanika,
majamvi ya karafuu yamejaa hadi barabarani.
Alikuja amejitanda kanga, akakaa chini nasi
na yale magoti yake yasiyokunjika.
Hakusema mama yuko mahali pema. Hakusema lolote.
Alimenya vitunguu thaumu siku tatu.
Vidole vyake vilinuka msiba wetu wiki nzima.

Usiku mmoja, umeme umekatika, nilimuuliza:
"Gudruni, hujuti? Umri wote huu na hukumpata hata mmoja?"
Alikuwa akijipepea kwa upepeo wa ukindu.
"Nimekupata wewe," alisema, "ila karatasi haina nafasi yako."
Nikamwambia, nami nakuombea uongoke.
"Najua," akasema. "Jumanne ulikuwa ukiomba kwa sauti."

Sasa moyo wa mzee umeanza kuruka mapigo.
Binti yao alipiga simu kutoka huko kwenye baridi.
Nilimsikia Bi Gudruni, dirisha kwa dirisha,
akienda mbio kwa lugha ya mama yake,
kisha akakwama. Akatafuta.
Akasema: kawa.
Kimya.
Akarudia: kawa, kawa, ile ya kufunikia chakula,
yote kwa Kiswahili,
kwa mwana asiyejua hata kuitikia salamu.

Walivuka kwa boti ya Jumatano kwenda Unguja, kisha ndege.
Wiki sita, walisema. Daktari, halafu kurudi.
Cherehani imeanza tena kukata uzi.
Sahani iko kwangu, na tulibishana mpaka bandarini Mkoani:
yeye ashikilia kwamba zamu ni yangu,
mimi nasema ndizi za nazi nilipeleka Ijumaa,
na zile biskuti zilikuwa jibu la samaki wa kabla yake.
Hatukumaliza. Honi ikalia.

Nimeiosha.
Nimeifunikia kawa, ingawa haina kitu.