Mkeka wa Mize binti Faki

Bibi alinirithisha shubiri moja ya ukili,
mwekundu na mweusi, umekatika ncha zote mbili.
Hakusema ni mwisho wa mkeka
au mwanzo wake.

Mwaka ule karafuu zilijaa Wete hata majamvi yakapungua.
Zikaanikwa juu ya mapaa, juu ya mashuka ya arusi,
na mji mzima ukanukia utajiri
wa watu wengine.

Karani wa forodha, Zahoro bin Khalefu,
alikuwa na sauti nzuri ya kusomea hesabu.
"Andika thelathini na moja," humwambia mwandishi,
na magunia arubaini yamesimama mbele yake
kama mashahidi waliozibwa vinywa.

Pembeni, miguu kainyoosha, Mize wa Gando,
mama yake bibi, anashona mkeka wa baraza ya Liwali.
Nani amwonee haya mwanamke anayeshona mkeka?
Herufi hazijui. Lakini msusi
akipotewa na hesabu mara moja, ukili humsuta.

Basi gunia lililoingia, jicho jekundu.
Gunia lililoandikwa, jicho jeusi.
Siku baada ya siku nyekundu ikaikimbia nyeusi,
na wapitao wakauliza: "Nakshi gani hii, Bi Mize,
mbona inalala upande mmoja?"
"Ya kwetu Gando," akasema. "Haijatulia bado."

Seyyid alikuja Mfungo Sita kutazama mashamba.
Wakatandika mkeka. Akaukalia.
Hakuipenda ile nakshi iliyolemaa, ilimwasha macho.
"Kashona nani?"

Hapa, bibi husema, tega sikio.
Mize hakuanza na wakulima.
Mkulima kuibiwa si habari barazani,
ni kama kusema mvua ni maji.
Alisema: "Seyyid, umekalia magunia yako mia mbili na sita
ambayo daftari haliyajui."

Zahoro akacheka. Kicheko nacho alikuwa nacho kizuri.
"Mkeka si daftari, wala mwanamke si mizani."

"Kweli," akasema Mize. "Basi na tuiulize mizani.
Ratili ni reale kumi na sita, hata mtoto wa dukani anajua.
Mimi sina reale. Niazime zako, karani,
usije ukasema zangu zimechongwa."

Jiwe la ratili likawekwa upande huu;
upande ule, reale za Zahoro,
mojamoja, kwa mkono wake mwenyewe.
Kumi na sita: jiwe halikutikisika.
Kumi na saba. Akafuta jasho kwa ncha ya kilemba.
Kumi na tisa, na huko nyuma mtu wa Mtambwe
akaanza kumsaidia kuhesabu, kwa sauti.
Ya ishirini, mkono wa mizani ukanyooka
kama safu ya swala.

Zahoro akapelekwa Unguja.
Mkeka nao, kwa kuwa ni ushahidi,
ukakunjwa, ukafungwa kamba, ukapakiwa naye.
Thamani ya magunia mia mbili na sita ikarudi kwa Seyyid.
Na zile reale nne za kila ratili,
za Hamadi wa Piki, za yule mjane wa Kangagani
aliyeuza mpaka makonyo?
Barazani walishasimama, wanatafuta viatu vyao.

Nilimuuliza bibi kama mama yake alishinda.
Akatafuna tambuu yake kwanza,
akaichungulia sakafu kama anayetafuta sindano.
"Karani mpya alikuja na jiwe jipya," akasema,
"jeupe, zuri, limesuguliwa.
Siku ile ile mama alibandika sufuria,
akachovya ukindu."

Jana usiku nimeihesabu shubiri yangu kwenye taa.
Macho mekundu kumi na moja.
Meusi tisa.